Kabila Linapojiandikia Tarehe Yake

Waarabu tangu kale humtaja mtu kwa nasaba: fulani bin fulani bin fulani, hata kumfikia babu aliyelipa kabila jina. Basi kabila likitaka kuandika tarehe yake, huanza na majina hayo, kisha hueleza baina yake nani alitawala, nani aliuawa, nani alihama. Wala nasaba si pambo. Ndiyo ijulishayo nani ana haki ya kurithi na nani hana.

Mfano ulio karibu ni Mazrui wa Mombasa, waliotoka Omani wakautawala mji ule kwa miaka mia hivi, hata Seyyid Said alipouchukua mwaka 1837. Aliyeandika tarehe yao ni mmoja wao, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937. Aliandika kwa Kiarabu.

Kazi hiyo ilikuwa na haja. Mabaharia wa Kiingereza, ambao bendera yao ilipepea Mombasa toka 1824 hata 1826, waliacha maandishi yao. Unguja nako kulikuwa na maneno yake, nayo ni maneno ya mshindi. Aliyeshindwa asipoandika, wajukuu wake watasikia habari zake kwa kinywa cha aliyemshinda.

Walakini mwandishi wa nyumbani ana mtihani mzito. Liwali Salim bin Ahmed alipofariki mwaka 1835, Mazrui waligombana wao kwa wao, na baadhi ya wenyeji wakamwelekea Seyyid Said. Aibu hiyo ni ya babu zake mwandishi. Akiificha, kuanguka kwa Mombasa hakueleweki. Hata ushahidi wa mashairi, ambao Waarabu na Waswahili huutegemea sana, una upande wake: Muyaka bin Haji, malenga wa siku zile, alikuwa mtu wa Mombasa na aliitetea Mombasa.

Baada ya 1837 waliosalia waligawanyika, wengine Gazi, wengine Takaungu. Mwaka 1895 kiti cha Takaungu kilipokuwa wazi, nasaba ikawa vita: Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia vitani na Waingereza, na mwaka 1896 akakimbilia nchi ya Wadachi. Habari moja, nyumba mbili za kuisimulia.

Sheikh Al-Amin hakukiona kitabu chake kikipigwa chapa. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995, miaka 48 baada ya kufa kwake.