Mzee apimwe nguvu kabla ya kupangiwa mionzi

Faili la mgonjwa wa saratani hutanguliza umri wake: miaka 74. Nimeuguza wagonjwa wa mionzi mpaka nikastaafu, na namba hiyo haikunisaidia sana. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Miaka yao ilikadiriwa siku ya kuandikishwa, kwa kuhesabu tangu mwaka wa njaa fulani. Na hata ikiwa sahihi, wawili wa rika moja huingia kliniki asubuhi moja, mmoja jana alikuwa shambani analima, mwenzake ameshikwa kwapani na wanawe.

Kwa hiyo nadai jambo moja. Mzee yeyote apimwe nguvu za mwili na akili kabla ya kupangiwa mionzi, na majibu yabadilishe mpango wa tiba panapohitajika.

Kipimo chenyewe si kigeni. Ufaransa walitunga dodoso la maswali manane, G8, lisilomaliza hata dakika kumi. Alama zote ni 17. Mwenye 14 au pungufu anahitaji uchunguzi wa kina. Nililipenda kwa jinsi alama zilivyogawanywa: umri una 2 tu, na aliye chini ya miaka 80 anazipata zote mbili. Hamu ya kula, kupungua uzito na uwiano wa uzito na urefu vimebeba 8. Zinazobaki ni za kutembea, kumbukumbu na huzuni, dawa, na jinsi mgonjwa anavyojiona akijilinganisha na wenzake.

Swali la dawa lina kasoro kwetu. Anayemeza zaidi ya aina tatu kwa siku hukosa alama. Sasa mzee mwenye presha na sukari ambaye hajawahi kupimwa hamezi hata kidonge kimoja, naye atapewa alama kamili kama mtu mzima wa afya! Apimwe presha na sukari kwanza, ndipo aulizwe. Uzito nao una ujanja wake, maana nyumba nyingi hazina mizani. Mimi nilikuwa natazama mkanda wa suruali. Tundu lililotobolewa kwa msumari, mbali na matundu ya dukani, lilitosha. Kwa akina mama nilimuuliza binti kama gauni la sikukuu iliyopita bado linamkaa mama yake.

Halafu mzee aulizwe akiwa peke yake. Mbele ya watoto baba hakiri kwamba alianguka chooni, na mtoto mkubwa ndiye anayejibu: "Baba hajambo, sista, ni uchovu wa safari tu." Mtume huyo kijana akaulizie karatasi za bima. Mlango ukifungwa utasikia: "Mwanangu, usiku siwezi kuinuka."

Haya yana uzito kwa sababu mionzi haitolewi siku moja. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi ya nje huwa mara 25 hivi, siku tano kwa wiki, ikifuatwa na mionzi ya ndani, na yote yatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Ikichelewa, uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa hupungua. Mfikirie bibi aliyetoka mkoani, amefikia kwa mjukuu Mbagala, anaharisha kwa mionzi, na kila asubuhi agombee daladala. Akiacha katikati, madhara ameyapata na tiba hakuipata. Angejulikana mapema, angetafutiwa pa kulala karibu, mtaalamu wa lishe, na mtu wa kumpigia simu asipotokea.

Tena daktari ana njia fupi. Kwa maumivu ya saratani iliyoingia mifupani, mionzi ya mara moja hutuliza sawa na ya siku nyingi, ingawa wengine huhitaji kurudia. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa saratani ya matiti ya mapema, mara tano ndani ya wiki moja hazikuzidiwa na mara 15 za wiki tatu.

Ushahidi mzito zaidi, ni kweli, umetoka kwenye dawa za saratani. Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi walifuatiliwa. Pale madaktari walipopewa taarifa za nguvu za mzee, waliopata madhara makali walikuwa asilimia 51. Pasipo taarifa hizo, 71. Muda wa kuishi haukupungua. Kwa mionzi tafiti za namba hiyo ni chache, lakini sioni sababu ya kuzisubiri ndipo tununue mizani.

Wapo wanaohofu kwamba alama zitatumika kuwaondoa wazee kwenye foleni ya mashine. Mbona tayari wanaondolewa kwa macho? "Huyu atavumilia kweli?" Nimeisikia mara nyingi koridoni, ikisemwa kabla mgonjwa hajaketi. Kwa dodoso hili, mzee wa miaka 82 anaweza kupata 16.

Kazi hii ifanywe na wauguzi, wakati wagonjwa wanangoja zamu. Wizara ya Afya ipitishe dodoso moja la Kiswahili, pamoja na lile jaribio la kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa. Mafunzo yake ni ya siku moja, na wastaafu kama mimi tupo wa kuyatoa.