Ripoti za Mwezi na Kazi ya Kunakili kwa Mkono

Katika vituo vingi vya kutolea huduma za afya nchini, siku za mwanzo wa kila mwezi ni siku za kuhesabu. Vitabu vya MTUHA hufunguliwa juu ya meza, vijiti huchorwa vitano vitano katika fomu ya tali, jumla zake huhamishiwa kwenye fomu ya muhtasari, na kutoka hapo huingizwa katika mfumo wa DHIS2 ili wilaya, mkoa na Wizara wazione. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi si mtu aliyeajiriwa kwa ajili yake. Ni muuguzi, mkunga au tabibu ambaye saa ileile ana foleni ya wagonjwa mlangoni. Mgonjwa aliyeketi kwenye benchi huambiwa asubiri kidogo, sista yumo katika ripoti.

Baina ya kitabu cha karatasi na mfumo wa taifa, hospitali nyingi zimejiwekea hatua nyingine ambayo haimo katika mwongozo wowote: majedwali ya Excel. Wodi ina lake, maabara ina lake, kliniki ya kisukari ina lake, na famasi nayo ina lake. Mwisho wa mwezi mtu mmoja huyafungua yote, akanakili safu kutoka hili na kuibandika katika lile, kisha akafungua Word na kuandika ripoti ileile ya mwezi uliopita kwa kubadili tarakimu. Maoni yangu ni kwamba kunakili huku kwa mkono kukomeshwe, na kwamba njia ya kukukomesha ni nafuu kuliko tunavyodhani, ila ina masharti ambayo wahudumu na wagonjwa wanapaswa kuyajua.

Kwanza tukielewe kitu chenyewe. Faili la Excel lenye kiambishi cha xlsx, au la Word lenye kiambishi cha docx, ni kifurushi kilichobanwa, na ndani yake mna maandishi yaliyopangwa kwa lugha ya XML. Kiwango cha muundo huo kilichapishwa mwaka 2006 kwa jina la ECMA-376, na mwaka 2008 kikawa kiwango cha kimataifa. Kwa kuwa muundo uko wazi, watu mbalimbali wameandika maktaba za msimbo, yaani mikusanyo ya maagizo yaliyokwisha kutungwa, ambazo programu ndogo inaweza kuziita ili kusoma na kuandika mafaili hayo bila mtu kugusa kipanya. Kwa wanaotumia lugha ya Python, openpyxl hushughulikia majedwali, python-docx hushughulikia nyaraka, na pandas hutumika kuunganisha, kuchuja na kuhesabu. Zote hupatikana bure. Programu ya kurasa mbili inaweza kufungua majedwali ya wodi zote, kuhesabu wagonjwa kwa umri na jinsia, kuandika jumla katika jedwali la muhtasari, na kutoa barua za kuwakumbusha wagonjwa wa shinikizo la damu tarehe zao za kliniki, kila barua na jina lake na namba yake ya faili. Kazi iliyokula siku mbili humalizika kabla chai haijapoa.

Wapo wanaosema kwamba hayo yote yatamalizwa na mfumo mkubwa wa kielektroniki utakapofika. Sibishani nao kuhusu mfumo mkubwa. Lakini hata palipo na mfumo huo, bado watu hupakua taarifa zake katika Excel ili wazipange watakavyo, na palipokuwa na majedwali kumi pakabaki manane. Kazi ya leo haiwezi kungojea zabuni ya mwaka kesho.

Sasa masharti. Jedwali la Excel lilibuniwa kwa ajili ya hesabu, na kila kinachofanana na hesabu hulichukulia kuwa hesabu. Andika namba ya simu inayoanza na sifuri, na sifuri ile hutoweka. Andika namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo ina tarakimu 20, bila kuweka vistari, na jambo baya zaidi hutokea: Excel huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo tu, na tano za mwisho huzigeuza kuwa sifuri. Tarakimu nane za kwanza katika namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo zinazopotea ni baadhi ya zile zinazowatofautisha watu waliozaliwa siku moja. Kosa hilo halirudishiki; namba halisi haimo tena ndani ya faili, na msimbo hodari kiasi gani hauwezi kuifufua. Dawa yake ni kuipanga safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, na kuiagiza programu isome namba za simu, za faili na za vitambulisho kama maandishi. Namba ya mgonjwa ni jina lake la pili. Hakuna siku mtu atahitaji kuijumlisha.

Tarehe nazo. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi hutufikia zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza. Tarehe 03/04/2024, iliyokusudiwa kuwa ya Aprili, huingia kama Machi 4 bila onyo lolote. Tarehe 13/04/2024 hukataliwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 13, nayo hubaki maandishi tu. Safu moja basi huwa na tarehe zilizogeuzwa na nyingine zisizohesabika, na mjamzito huandikiwa barua ya kurudi kliniki katika mwezi usio wake. Na kuna saa zetu za Kiswahili, ambazo mtunzi wa programu kutoka mbali hawezi hata kuzifikiria. Mkunga akiandika kwamba uchungu ulianza saa 2:15 akimaanisha asubuhi, na mwenzake wa zamu ya pili akaandika muda wa kujifungua kwa saa ya kimataifa, programu itatoa hesabu iliyopotoka kwa saa sita, tena kwa uhakika kamili. Kituo kichague saa moja na kuiandika juu ya safu.

Haya hayaishii kwetu. Mwaka 2020, Public Health England ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo vya korona kutoka maabara na kuyaingiza, kwa utaratibu wa kujiendesha, katika mafaili ya Excel ya muundo wa zamani wa xls. Muundo huo hauchukui zaidi ya safu mlalo 65,536 katika ukurasa mmoja. Muundo mpya wa xlsx huchukua 1,048,576. Kilichozidi kilikatwa kimyakimya. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 waliokutwa na maambukizi hawakuingia katika takwimu za kila siku. Wenyewe walipewa majibu yao, lakini waliokutana nao hawakufuatiliwa kwa wakati. Na wanasayansi wa jeni, ambao tungewadhania kuwa waangalifu kuliko sote, walisumbuliwa kwa miaka na Excel kuzigeuza alama za jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe za Septemba na Machi, hadi mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikaona heri kubadili majina yenyewe: SEPTIN1, MARCHF1. Jeni zimepewa majina mapya ili zipatane na programu ya ofisini! Sijui kama nicheke.

Mkasa wa Uingereza una jambo linalowahusu hasa wanaotaka kuandika programu hizi. Utaratibu ule ulikuwa tayari unajiendesha. Ulichokosa ni swali moja la mwisho: zilizoingia ni ngapi, na zilizotoka ni ngapi? Programu yoyote inayoshika taarifa za wagonjwa lazima ihesabu safu kabla na baada, na hesabu zisipolingana isimame na kupiga kelele. Mtu anayenakili kwa mkono huchoka na kukosea katika safu ya arobaini. Programu haichoki, ila ikikosea hukosea katika safu zote, kila mwezi, kwa sura ileile ya kuaminika. Kuna pia mtego wa fomula. Maktaba ya openpyxl haikokotoi. Husoma ama fomula yenyewe ama jibu lililohifadhiwa Excel ilipolifunga faili mara ya mwisho. Asiyejua hilo anaweza kupeleka wilayani jumla ya mwezi uliopita akidhani ni ya mwezi huu.

Katika barua za wagonjwa hatari ni kubwa zaidi. Majedwali mawili yakiunganishwa kwa kutumia majina, kituo chenye akina Fatuma Juma watatu kitampa mmoja majibu ya mwingine. Unganisha kwa namba ya faili, kisha jina na tarehe ya kuzaliwa viwe mashahidi. Vikipingana, barua isitoke mpaka mtu aitazame. Kabla ya kutia sahihi rundo la barua, mhudumu achague kama ishirini bila mpangilio na kuzilinganisha na kitabu cha karatasi, si na jedwali lililozizaa.

Siku hizi watu wengi hawaandiki msimbo wenyewe. Huiomba akili mnemba iwaandikie, na hakika huandika vizuri. Sina pingamizi, mradi jedwali lenye majina ya wagonjwa lisipakiwe huko kama mfano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Tunga wagonjwa kumi wa kubuni, wape magonjwa ya kubuni, na uombe programu kwa mfano huo. Faili halisi libaki katika kompyuta ya kituo, wala lisitumwe katika kundi la WhatsApp la idara, desturi ambayo imezoeleka kiasi kwamba anayeikemea huonekana mkorofi.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni programu kuwa mali ya mtu mmoja. Kijana wa mafunzo kwa vitendo huja, huandika msimbo mzuri ndani ya kompyuta yake ya mkononi, muda wake huisha, na kituo hurudi kwenye kunakili, safari hii pakiwa hapana akumbukaye namna ya kunakili. Msimbo uhifadhiwe na kituo, maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na angalau watu wawili wajue kuuendesha. Ofisa kumbukumbu za afya ndiye mlezi wake wa haki. Vyuo vinavyomfundisha humwonyesha jinsi ya kujaza fomu na kutengeneza grafu. Saa chache za Python, kwa mifano ya vitabu vya MTUHA badala ya mauzo ya duka la kubuni, zingemtosha kuanzia. Fedha zinazotumika kulipa posho za kukesha na ripoti zingeweza kulipia mafunzo hayo.

Nawe mgonjwa, ukipewa barua ya rufaa au karatasi ya majibu iliyotolewa na kompyuta, soma jina, namba ya faili na tarehe ya kuzaliwa kabla hujaondoka dirishani. Ikiwa sivyo, sema papo hapo, na usikubali irekebishwe kwa kalamu juu ya karatasi tu. Omba irekebishwe katika jedwali, kwa kuwa mwezi ujao barua yako itatoka palepale.