MANISPAA BILA YA SAUTI YA MTAA



Sisi ni wana wa visiwani tuliofungua duka huku Uru, juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya Kilimanjaro. Umbali haukutuondolea haja ya kuyafikiri ya kwetu. Leo twapenda kusema juu ya wenzetu wa Magharibi, wakaao pembezoni mwa mji wa Unguja, tangu Bububu na Mtoni hata Mwanakwerekwe, Fuoni na Tomondo.

Zamani pembezo ya mji ilikuwa Ng'ambo. Mkono wa bahari uliitenga na Mji Mkongwe, na mchukuzi na fundi walivuka Darajani asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni. Nyumba zilikuwa zao, ardhi ya watu wengine. Na kodi ya viwanja ilipowaelemea, mwaka 1928 waligoma kuilipa. Leo Ng'ambo ni moyo wa mji, na pembezo imehamia Magharibi. Hesabu ya watu ya mwaka 2002 iliwakuta huko watu 184,204. Ya mwaka 2012 iliwakuta 370,645. Katika miaka kumi tu walizidi maradufu. Na Mkoa mzima wa Mjini Magharibi ulifika watu 893,169 mwaka 2022.

Wilaya hiyo imekwisha gawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, na kila moja imepewa Baraza lake la Manispaa. Jina hilo hatulichukii. Lakini jina halizibui mtaro wala halimpi mtu njia ya kupitisha jeneza. Mashamba yamegeuka viwanja, na mabonde yaliyokuwa njia ya maji yamejengwa nyumba. Masika yakija, maji huitafuta njia yake ya kale na kuikuta ni ukumbi wa mtu. Watu wa Mwanakwerekwe hawahitaji kufundishwa jambo hili. Na tukumbuke kuwa maji ya chemchem za Bububu yalifikishwa mjini kwa mabomba tangu enzi ya Sayyid Barghash. Pembezo ilianza kuuhudumia mji kabla ya mji kuihudumia pembezo.

Basi twauliza: mtu wa huko akifikwa na dhiki, ampelekee nani? Diwani yuko, lakini aliye karibu ni sheha. Sheha ndiye athibitishaye kuwa fulani ni mkaazi, naye ndiye mlango wa kwanza wa kila shida ya mtaa. Mtu mwenye amana kubwa kama hii hachaguliwi na wale anaowasimamia. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hatumtukani sheha yeyote, na wako wema wengi. Twasema kuhusu mpango wenyewe: mtu humtazama aliyemweka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Huku Uru tunakokaa, mambo yanafanana na ya Magharibi kwa sura moja: mtu hushuka Moshi asubuhi kwa daladala na mikungu yake ya ndizi au kwa kazi yake, na jioni hurudi kihambani. Lakini sheria ya Bara humpa haki ya kumchagua mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji kila miaka mitano, na kumwuliza mbele ya mkutano wa kijiji. Hatusemi kuwa huku ni peponi. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi huo kwa kulalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Hata hivyo haki iliyoandikwa, ikivunjwa, mtu aweza kuidai. Ile isiyoandikwa ataidai kwa hoja gani?

Wako wasemao kuwa sheha akichaguliwa, siasa itaingia mtaani. Jawabu letu ni fupi: siasa imo tangu zamani, kwani mwenye kuteua naye ni mwanasiasa. Lililobaki ni kujua sheha atawajibika kwa nani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tushikilie mambo matatu. Kwanza, masheha wachaguliwe na wakaazi wa shehia zao. Pili, kila Baraza la Manispaa litangaze shehiani, kwa lugha ya kueleweka, fedha ilizokusanya na ilivyozitumia. Maana mwenye duka hulipa leseni, naye ana haki ya kujua imekwenda wapi. Tatu, njia za maji na mabonde yaliyosalia yapimwe na kulindwa kabla hayajauzwa.

Haya hayataki matusi wala mawe. Yataka watu wahudhurie, waulize, waandike majibu, na wasichoke. Wazee wa Ng'ambo hawakuwa na manispaa yao, na walisikika. Sisi tunayo manispaa. Aibu iliyoje tukinyamaza!

Wabillahi tawfiq.