KIJANA ALIYE NG'AMBO TUSIMWACHE PEKE YAKE

Ndugu wanachama, kila mwaka kabla ya mvua za vuli twaona jambo lile lile hapa Same. Ukoo mzima umeshuka stendi kutoka Chome, Suji, Mamba au Gonja kumsindikiza kijana mmoja aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Mchungaji anaomba, au shehe anasoma dua. Mama analia. Wajomba wanamtia noti mfukoni mwa koti jipya. Basi linaondoka, na sisi twapanda milima yetu kurudi makwetu, tukiamini kwamba kazi yetu imekwisha.

Nasema kazi yetu haijakwisha. Hapo ndipo inapoanza. Sisi ni hodari wa kumsindikiza kijana, lakini si hodari wa kuwa naye akishafika. Na zile wiki zake za kwanza katika mji wa watu ndizo mara nyingi zinazoamua kama atarudi kuwa mtumishi wa watu wake, au kama atakuwa mtu wa kuwaonea haya.

Ni nani atakayemweleza wiki hizo zilivyo? Waliokwenda na kurudi hawasemi. Wakiulizwa hujibu, "Ulaya ni kuzuri," basi. Mimi ni mmoja wa walionyamaza, na leo nataka kulipa deni langu.

Nilikwenda Leipzig mwaka 1979, katika nchi ya Ujerumani ya Mashariki, ambayo ilikoma kuwako mwaka 1990. Jina la mji ule si geni masikioni mwa Mpare, maana ndiko yalikokuwa makao ya misheni ya Kilutheri iliyoingia Upareni mwaka 1900. Nyumbani kwetu Gonja wazee walilitaja jina la Leipzig kama watu wanavyotaja kijiji cha jirani. Kwa hiyo nilidhani nakwenda mahali panaponijua. Kumbe hapakuwa na mtu anayenijua.

Nilishuka katika stesheni ya reli ambayo stesheni yetu ya Same ingeingia ndani yake mara nyingi na nafasi ikabaki. Hewa ilinuka moshi wa makaa ya mawe. Ilipofika Novemba, jua lilizama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kama wageni wengine, mwaka wa kwanza niliwekwa katika Taasisi ya Herder nifundishwe Kijerumani kwanza. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 22, nimekwisha kusimama mbele ya darasa na kuitwa mwalimu. Sasa sikuweza kununua mkate bila kunyoosha kidole. Watoto wadogo katika tramu walisema maneno nisiyoyaelewa, nami sikujua kama wananisalimu au wananicheka.

Wiki ya pili niliandika barua nyumbani. Niliandika kwamba nimefika salama, nakula vizuri, watu ni wema na masomo ni mepesi. Katika maneno yale, la kweli lilikuwa moja tu: nimefika. Baba aliisoma barua mbele ya watu baada ya ibada, nao walifurahi sana. Baada ya muda majibu yakaja. Kaka aliomba redio. Mjomba aliomba saa. Binamu yangu aliomba koti. Koti! Na mimi nilikuwa nikitetemeka ndani ya koti la kuazima, lenye mikono iliyoishia juu ya vifundo vyangu.

Nilitoa fedha katika posho yangu nikanunua redio, nikaituma, nikaishi kwa mkate na viazi. Nani alikosa? Mimi nilikosa kwa kusema uongo. Nao walikosa kwa kuupenda uongo ule.

Aliyeniokoa ni Mtanzania mmoja aliyenitangulia kwa miaka miwili, mtu wa pande za Ziwa. Jumapili moja aligonga mlango wangu akiwa na sufuria mkononi. Alisonga ugali kwa chengachenga za ngano, kwa kuwa unga wa mahindi haukupatikana, tukala kwa kabichi. Kisha akanionyesha pa kupata koti la mtumba kwa bei nafuu, akaniambia nisile peke yangu, na nisione haya kukosea lugha ya watu. Hakuwa wa kabila langu wala wa dhehebu langu. Alikuwa Mtanzania, basi, na usiku ule nilifahamu maana ya neno hilo kuliko nilivyolifahamu katika hotuba zote nilizowahi kusikia.

Lakini ndugu zangu, yule bwana alikuja kwa bahati. Je, elimu ya watoto wetu tuiachie bahati?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna simu ya mkononi na kijana huongea na mama yake kila siku. Ni kweli, simu ipo. Lakini simu imeufanya uongo ufike upesi zaidi, basi. Siku hizi kijana hupiga picha kwenye theluji akicheka, akaituma. Kabla jua halijatua Same, picha imekwisha kuzunguka ukoo mzima, na maombi ya fedha yameanza. Hakuna anayemwuliza, "Umekula nini leo? Una rafiki gani huko?"

Na hatari si baridi na upweke peke yake. Mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko ilibidi wakimbie kutafuta mipaka. Mwaka 2023 vijana wetu wawili walikwenda Israeli kujifunza kilimo, na walikuwa na wiki chache tu huko walipouawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba. Wale walikuwa wametoka Kilimanjaro na Manyara, ndio sisi na majirani zetu. Sisemi vijana wasiende. Nasema mtu anayemtuma mtoto mbali lazima ajue mtoto yuko wapi, pamoja na nani, na nani atakayebisha hodi mlangoni pake siku ya shida.

Sasa kuna swali lililo kubwa zaidi: tunampeleka kijana akafanye nini?

Mfano tunao wenyewe. Profesa Isaria Kimambo alikuwa mwana wa Upareni. Alisoma Marekani, na mwaka 1967 alipata udaktari wa historia katika chuo cha Northwestern, karibu na Chicago. Mtu wa namna hiyo angeweza kuandika habari za wafalme wa Ulaya, akasifiwa huko. Yeye alirudi kwa wazee wa milima hii, akakaa nao, akawauliza habari za koo na watawala wao, na mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Wapare. Mwaka 1971 aliandika habari za mbiru, ile kodi ambayo wakoloni walitaka kuitoza kwa kumkadiria kila mtu mali yake. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka Same kuikataa, wakakaa kwa miezi bila kupigana, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Leo mtoto wa shule anaweza kuisoma habari hiyo kwa sababu mwanafunzi mmoja alikwenda mbali na hakuona haya kurudi kuwauliza wazee wake. Marekani ilimpa zana. Shamba lilikuwa hapa.

Mwalimu Nyerere naye alifika Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, yeye akiwa kiongozi wake. Hakusomea Uingereza ili awe Mwingereza.

Lakini tusijidanganye kwamba kasumba hukaa Ulaya tu. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kuyapinga masharti ya kujenga taifa, na mamia yao wakarudishwa makwao. Wale hawakuwa ng'ambo. Walikuwa hapa hapa, wakilishwa na mkulima. Maana yake ni kwamba umbali wa kijana na watu wake haupimwi kwa maili. Mtu aweza kuwa Leipzig na moyo wake uko Gonja. Na mtu aweza kuwa Dar es Salaam akawa amekwisha kuhama.

Najua mtu wa kijijini atanijibu hivi: "Mimi niliuza mbuzi nikachanga nauli. Leo unaniambia nisimwombe hata saa?" Ni haki yake kuuliza. Namjibu kwa jambo analolijua vizuri, yaani ndiva.

Wazee wetu waliona kwamba kijito cha mlimani ni chembamba, kila mtu akichota kwake maji hayafiki mbali. Kwa hiyo walichimba ndiva, maji yakakusanyika usiku, na asubuhi yakafunguliwa yakateremka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho, kila mtu kwa zamu yake. Anayeitoboa ndiva usiku wa manane ili amwagilie kitalu chake hapati hata maji ya maana, bali huwaharibia wote. Kijana aliyeko masomoni ni ndiva yetu. Anajaa. Ukimtoboa mwezi wa kwanza kwa ajili ya redio, usishangae shamba likikauka baadaye.

Na ndiva haijisafishi yenyewe. Watu hutoka kwa msaragambo, wakaondoa matope. Basi nasema, tumfanyie kijana msaragambo.

Kwanza, kila tawi liwaite waliorudi kutoka masomoni, wakae na kijana anayeondoka siku moja nzima, wamwambie ukweli: baridi, upweke, bei ya vitu, dharau atakayoikuta na wema atakaoukuta. Asiyesema kweli anampeleka mwenzake gizani.

Pili, ukoo ukubaliane mbele ya wazee kwamba kwa mwaka wa kwanza hakuna kumwagiza kijana kitu. Barua zote na simu zote ziwe za kumwuliza hali na kumpa habari za nyumbani: mvua imenyesha, tangawizi ya Mamba imefika bei gani, mfereji umetengenezwa.

Tatu, kila kata iwe na daftari la vijana wake walioko nje: nchi, mji, chuo, na jina la Mtanzania mmoja aliye karibu naye. Kijana ajiandikishe ubalozini mara afikapo, na wale waliotangulia wapewe wajibu wa kumpokea, kama yule mtu wa Ziwa alivyonipokea mimi.

Kijana naye ana wajibu wake. Ajifunze lugha ya wenyeji wake, maana asiyejua lugha huona dharau hata mahali isipokuwapo, na huikosa mahali ilipo. Aandike nyumbani ukweli, hata kama ni mchungu. Na kila jioni ajiulize: haya niliyojifunza leo yatamfaa nani kule milimani?

Ile redio niliyoituma iliharibika baada ya mwaka mmoja. Barua ile ya uongo baba aliitunza katika Biblia yake mpaka alipofariki, na mimi sikupata ujasiri wa kumwambia. Kijana atakayepanda basi mwaka huu asipate sababu ya kuandika barua kama ile.

Uhuru na Kazi.