Upatanisho wa Kisarufi na Upatanifu wa Tarakilishi

Hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeujua upatanisho wa kisarufi. Nomino ndiyo itawalayo: ikitajwa "kiti", vivumishi na vitenzi hutii, na sentensi ikawa "kiti changu kimevunjika". Hata hivyo, katika soko la Busia au Malaba mnunuzi anaweza kusema "kiti yangu imevunjika" na bado akauziwa misumari bila mabishano. Msikilizaji hulirekebisha kosa akilini mwake. Tarakilishi haina hisani hiyo. Sehemu zake zisipopatana, haiwaki.

Jambo hili lina uzito kwa mkazi wa Budalang'i. Anayetaka tarakilishi ya mezani kwa gharama nafuu huenda akaikusanya kipande kwa kipande: ubaomama kutoka duka hili, kichakataji kutoka duka lile, kumbukumbu kutoka ng'ambo ya mpaka. Fedha anazotumia ni za samaki wa Port Victoria au mpunga wa Bunyala. Akinunua kipande kisichopatana na vingine, kukirudisha ni nauli nyingine, na muuzaji huenda akakikataa.

Katika tarakilishi, ubaomama ndio nomino. Soketi yake huamua ni kichakataji gani kitakachokaa. Wahenga walinena kuwa kila mlango na ufunguo wake; vivyo hivyo, kichakataji cha Intel cha soketi ya LGA 1155 hakikai katika soketi ya LGA 1150. Mtego mkubwa zaidi ni pale umbo linapodanganya. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha 6 hadi cha 9 hutumia soketi iitwayo LGA 1151. Hata hivyo, kichakataji cha kizazi cha 8 kikiwekwa katika ubaomama uliotengenezewa kizazi cha 6, kitaingia vizuri lakini ubao huo hautakitambua. Kumbukumbu nazo zina hila yake. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila pengo lililokatwa ukingoni haliko mahali pamoja, na anayeilazimisha moja katika nafasi ya nyingine ataivunja. Aidha, baadhi ya visanduku vya umeme vya zamani vina swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Kilicholetwa kutoka Marekani kikiwa katika 115, kisha kikachomekwa katika umeme wa Kenya wa volti 240, huungua papo hapo.

Kwa Kiingereza maelezo kama haya ni tele. Kwa upande wa Kiswahili, juhudi kubwa zilielekezwa kwenye programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Wakati huo wasomi walikuwa wakibishana kama chombo chenyewe kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake, lakini uliishia kwenye majina. Kamusi itamweleza mnunuzi maana ya kichakataji. Haitamweleza ni kipi kinachopatana na ubao alio nao mkononi.

Huenda wapo watakaosema kuwa mafundi tayari wana maneno yao: madabodi, prosesa, ramu, pawa saplai. Ni kweli, na maneno hayo yanastahili heshima. Neno "bodaboda" lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu kutokana na kazi ya kuvusha abiria kwa baiskeli, likaenea Afrika Mashariki nzima bila kusubiri kamati ya istilahi. Lakini neno moja halitoshi kueleza kanuni. Kanuni huhitaji sentensi, na kuunda sentensi zilizo wazi ndiyo kazi wanayosomea wanafunzi wa Kiswahili.

Makala haya yanashikilia kuwa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinapaswa kuketi na mafundi na kuandika kijitabu cha upatanifu. Kiorodheshe maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa: Soketi ni ipi? Ubao unatambua vizazi vipi? Kumbukumbu ni DDR ya ngapi? Kisanduku cha umeme kinatoa wati ngapi? Kando ya kila istilahi liandikwe neno la fundi, ili msomaji wa chuoni na muuzaji wa sokoni waelewane. Kijitabu cha kurasa chache kitakachomwokolea mvuvi nauli ya kurudi Busia kitakuwa kimekitumikia Kiswahili kuliko mjadala mwingine juu ya jina la tarakilishi.