Kura Hailindwi kwa Kutazama Foleni

Agosti 8, 2017 Wakenya walijipanga vituoni kabla ya mapambazuko. Siku mbili baadaye waangalizi wa kimataifa walikuwa mbele ya kamera jijini Nairobi: John Kerry wa Kituo cha Carter, Thabo Mbeki wa Umoja wa Afrika, John Mahama wa Jumuiya ya Madola, Marietje Schaake wa Umoja wa Ulaya. Upigaji kura, walisema, ulikwenda vizuri. Mshindi alitangazwa usiku wa Agosti 11. Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaufuta uchaguzi huo wa rais, majaji wanne dhidi ya wawili.

Waangalizi hawakusema uongo. Walionya kuwa ujumlishaji haujakwisha, na wakawataka wenye malalamiko waende mahakamani. Lakini mwananchi hakusikia onyo, alisikia sifa.

Ingia katika darasa lililogeuzwa kituo, usiku, taa imeelekezwa mezani. Msimamizi anainua kura mojamoja, anawaonyesha mawakala, anataja jina. Hesabu ikiisha inaandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala wanatia saini, nakala moja inabandikwa mlangoni, na picha ya fomu inapaswa kutumwa kwa mtandao. Hadi hapo kila kitu kinafanyika mbele ya macho ya watu. Kuanzia hapo, karatasi inaingia mahali ambapo mgeni mwenye fulana ya uangalizi haoni kitu. Na humo ndimo majaji walimokuta kasoro: matokeo hayakutumwa kama sheria inavyotaka, baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama, na tume ya uchaguzi haikutii kikamilifu amri ya kufungua seva zake.

Mahakama haikusema kwamba aliyetangazwa hakushinda. Ilisema njia ya kumpata ilivunja Katiba. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho kubwa, kwa sababu waangalizi wamezoea kuuliza kama siku ilikuwa tulivu, ilhali utulivu na uhalali ni vitu viwili.

Malawi yalitokea yaleyale. Baada ya uchaguzi wa Mei 2019, Februari 2020 mahakama iliufuta, ikitaja pamoja na mengine karatasi za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia. Kura iliporudiwa Juni 23, 2020, korona ilikuwa imewazuia wageni wengi. Wamalawi walilinda hesabu zao wenyewe, Lazarus Chakwera akashinda kwa asilimia 58 na ushei, na madaraka yakabadilishana mikono kwa amani.

Je, waangalizi wasije? Waje. Uwepo wao humtia adabu askari, humpa nguvu wakala anayetishiwa kufukuzwa kituoni, na huandika kumbukumbu ambayo serikali haiwezi kuichoma. Ninachokataa ni ile haraka. Ripoti kamili ya Umoja wa Ulaya kuhusu 2017 ilitoka Januari 2018, rais akiwa ameshaapishwa tangu Novemba 28, baada ya uchaguzi wa marudio. Kauli ya siku ya pili ndiyo inayobebwa na magazeti duniani kote, na mgombea anayelalamika baadaye huonekana mtu asiyekubali kushindwa.

Mwaka 2022 tume ya Kenya iliweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake. Mwalimu wa Kakamega au mwanafunzi wa Mombasa angeweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Mahakama ya Juu ilipopokea kesi safari hiyo, fomu zilikuwa tayari zimeonwa na nchi nzima.

Uchaguzi ujao Kenya ni Agosti 2027. Ninawaomba watakaokuja kutuangalia wasitoe sifa yoyote mpaka fomu ya kituo cha mwisho iwe hadharani, na wakae hadi muda wa kesi umalizike. Nawe uliyepiga kura, kabla ya kurudi nyumbani, ipige picha ile fomu ya mlangoni.