Barua ya Kiingereza kwa Mswahili Mwenzio ni ya Nini?

Hivi karibuni alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, leo dereva wa lori na baba wa watoto wanne, ameishika simu yake kama mtu aliyeshika hati ya kesi. "Shikamoo, Mwalimu. Hebu nisomee hii."

Ilikuwa baruapepe ya mwajiri wake, imeandikwa kwa Kiingereza. Ilianza kwa kumtakia afya njema, ikamshukuru kwa utumishi wake, kisha katika aya ya tatu, ndani ya sentensi ya mistari minne, ikamtaka ajieleze kwa maandishi katika muda wa siku tatu kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kuhusu upotevu wa mafuta. Ilikuwa imemfikia siku tisa nyuma. Yeye alielewa salamu na shukrani, akadhani anapongezwa. "Niliwajibu tenkyu, Mwalimu," aliniambia, na wala hakucheka.

Kampuni hiyo siitaji, wala ofisa aliyeandika. Itoshe kusema kwamba mwandishi ni Mtanzania, mwandikiwa ni Mtanzania, na kila asubuhi husalimiana kwa Kiswahili pale getini. Kosa lenyewe, kama lilikuwapo, liliripotiwa na mlinzi kwa Kiswahili, likajadiliwa na wakubwa kwa Kiswahili. Lilipofika kwenye kompyuta ndipo likavaa suti na tai.

Nauliza basi, barua ile iliandikwa ili isomwe, au iliandikwa ili ionekane?

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa Kiingereza ndiyo lugha ya biashara. Sikipingi Kiingereza, nimekifundisha miaka mingi sambamba na Kiswahili, na mauzo ya kahawa au korosho kwa mnunuzi wa London yaandikwe kwa Kiingereza, tena kizuri. Lakini biashara haina lugha yake iliyozaliwa nayo. Lugha ya biashara ni ile anayoielewa yule unayefanya naye biashara. Wafanyabiashara wa pwani yetu waliandikiana juu ya mali, madeni na safari kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kabla ya ofisi hizi kujengwa. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya namna hiyo, barua zikiwamo. Barua za wakati ule zina adabu yake kamili: sifa za mwandikiwa, salamu, kisha "ama baad", na hapo ndipo shughuli huanza. Asituambie mtu kwamba Kiswahili kimeijua barua rasmi jana.

Wala si kwamba dola haikusema. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri, pale mfanyakazi asipoyaelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa, ahakikishe anafafanuliwa kwa namna anayoielewa. Mwaka 2021 sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili, na ofisa rasilimali watu angali anamwita dereva kwenye nidhamu kwa Kiingereza!

Tena Kiingereza chenyewe kipi? Ni kile kizito, cha sentensi ndefu na maneno ya kujikunyata, ambacho wenyewe wanakipiga vita. Uingereza ina kampeni ya Kiingereza chepesi tangu mwaka 1979. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 kuzitaka ofisi za serikali kuu ziwaandikie raia kwa lugha inayoeleweka. Wenye nguo wameivua, sisi tunaiokota na kuitia pasi.

Ugonjwa wa pili umejificha zaidi, nao wawahusu ninyi washairi. Ni Kiswahili kinachoandikwa na mtu anayefikiri barua kwa Kiingereza. "Mpendwa mteja, unakumbushwa kulipa deni lako." Tangu lini mdai akamwita mdaiwa wake mpendwa? Mpendwa ni neno la mahaba, la msiba na la ibada. Neno letu la barua ni Ndugu, nalo limebeba heshima bila kubembeleza. "Natumaini baruapepe hii imekukuta salama." Baruapepe si mgeni aliyetembea usiku kucha; tuseme "Habari za kazi" tuendelee. "Usisite kuwasiliana nasi." Nani alisita? Lipo neno karibu, limewakosea nini?

Nitakuwa mwadilifu. "Wako mtiifu", tuliyoikariri sote shuleni, nayo ilitoka kwa Waingereza, na "ama baad" ilitoka kwa Waarabu. Lugha huazima, na kuazima si aibu. Lakini yale yaliazimwa yakakaa, watoto wetu wakayazoea, mwandikiwa akajua ameambiwa nini. Haya ya leo yanaazimwa ili mwandikiwa ajue tu kwamba mwandishi amesoma.

Lawama yangu nami naichukua. Chuoni tulifunzwa kufundisha barua rasmi: anwani mbili, tarehe, Ndugu, kichwa cha habari, kiini, hitimisho, saini. Nikaifundisha barua ya Kiswahili kama swali la mtihani na barua ya Kiingereza kama ufunguo wa ajira. Sikuwaambia wanafunzi wangu hivyo kwa mdomo, ila waliusoma usoni pangu. Ofisa yule huenda alifundishwa na mwalimu kama mimi.

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kuandika, mwandishi ajiulize: ninayemwandikia hukasirika kwa lugha gani, huomba radhi kwa lugha gani? Aandike kwa hiyo. Jambo lenyewe liwe katika sentensi ya kwanza baada ya salamu, na siku ya mwisho ya kujibu itajwe kwa tarehe. Nanyi washairi, mnaopima kila neno kwa mizani, shukeni ofisini. Waandikieni ndugu zenu mifano ya barua za kukumbusha deni, za onyo, za kuomba kazi, ziwe fupi na zenye staha. Kazi hiyo haina tuzo, lakini mtu hafukuzwi kazi kwa kukosa shairi. Kwa kukosa barua inayosomeka, amefukuzwa.

Mwanafunzi wangu tulimwandikia utetezi usiku ule, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Alirudishiwa jibu kwa Kiingereza kwamba muda umekwisha.

Barua ya Kiswahili, tumeitupa jaani,
Twaazima toka mbali, maneno ya ugenini,
Msomaji hana hali, hajui lililo ndani,
Ndugu mwambie ukweli, kwa lugha ya majumbani.